Mlio wa Salama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Na ninyi wakubwa mnaopiga miayo huko nyuma, sikilizeni. Hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na chuo ndani ya kichuguu, chuo cha nguchiro. Nguchiro ni wadogo, lakini kwa kulinda hawana mpinzani. Mmoja husimama juu, wengine huchakura wadudu chini. Akiona kipanga hulia, "Trrr! Trrr!" Akiona nyoka hulia, "Kss! Kss!" Watoto wote shimoni, kimya. Hatari ikipita, mlinzi hulia kwa sauti laini, "Chi-chi-chiii." Huo ndio mlio wa salama. Watoto hutoka, hula, hucheza.

Wanyama wa mbali walikuja kusoma hapo. Kindi alikuja. Kanga alikuja kutoka bonde la pili. Mkuu wa chuo, Bi Nguchiro, aliwapokea wote. Alipenda mno kuambiwa kwamba chuo chake kinajulikana hadi ng'ambo ya mto. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kila asubuhi.

Siku moja Kipanga akatua kwenye mti mkavu. Trrr! Wote ndani.

"Bi Mkuu," akasema Kipanga kwa upole, "sijaja kuwinda. Nimekuja kuchangia elimu."

"Kuchangia nini?" akauliza Bi Nguchiro kutoka shimoni.

"Nyoka. Kila asubuhi nitaangusha mmoja hapo mlangoni, keshakufa. Walimu wale washibe. Nanyi mnipokelee mwanafunzi mmoja tu. Namsomesha mimi."

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, fundi wa kuiga sauti. Walimu wakashauriana. Walishauriana huku wakimtazama nyoka wa kwanza, aliyekwisha angushwa mlangoni. Mnajua mashauri ya namna hiyo yanavyoisha.

Lakini tusiwaonee, walikuwa waangalifu. Walisema Mramba asifundishwe Trrr, wala asifundishwe Kss. "Hizo ni siri za ukoo," akasema Bi Nguchiro. "Afundishwe mlio wa salama. Huo una madhara gani?"

Basi Mramba akajifunza. Asubuhi, chi-chi-chiii. Mchana, chi-chi-chiii. Hakuuliza kingine. Kanga alikuwa akichakura chini ya mti mkavu, akasikia mambo. Akaenda kwa Mkuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Bibi, Mramba hajifunzi kulinda. Anajifunza kuwaita watoto. Jana alikuwa akimwimbia Kipanga, na Kipanga anamsahihisha."

"Kanga, wewe umetoka wapi?"

"Bonde la pili, Bibi."

"Basi na mwenzako katoka kwao. Nyote wageni. Acha wivu, kasome."

Kanga akarudi kusoma. Angefanyaje?

Kesho yake Kipanga akapita angani. Trrr! Watoto ndani. Kimya. Mara, "Chi-chi-chiii." Sauti laini, sauti ya nyumbani. Watoto wakatoka mbio.

"Si mimi!" akapiga kelele mlinzi juu ya kichuguu. "Si mimi niliyelia! Rudini!"

Vuuu! Kwap! Kipanga akapaa na mjukuu wa Bi Nguchiro, yule mdogo kabisa, ambaye hata meno hayajamtimia. Mramba akaruka nyuma yake. Bi Nguchiro akalia hadi sauti ikamkauka. Nani asingelia?

Alipomaliza kulia, akapandwa na hasira. "Wageni wote watoke!" Kindi akatoka. Kanga akatoka, tena kwa kunyofolewa manyoya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Chuo kikabaki na nguchiro watupu.

Wakapona? Wakapona wapi! Mlinzi wao wa damu akilia chi-chi-chiii, hatoki mtoto. Nani ajue kama ni yeye au ni Mramba? Watoto wakakaa gizani. Wakakonda. Wengine wakaanza kulamba udongo.

Bi Nguchiro akaondoka peke yake, mchana kweupe, akavuka uwanda usio na pa kujificha, hadi bonde la pili.

"Kanga, mwanangu, nisaidie. Watoto wanakufa na njaa."

"Niliposema, Bibi, hukuniuliza nimesikia nini. Uliniuliza nimetoka wapi."

Bi Nguchiro akainamisha kichwa. "Nilikosa. Unisamehe."

"Kusamehe, tutaona. Nitakuja, kwa sababu Kipanga anawala hata vifaranga wangu."

Wakapatana. Hatari ikipita, Nguchiro alie juu, chi-chi-chiii, na papo hapo Kanga alie chini, kekee-kekee! Sauti mbili kwa pamoja. Mtoto akisikia moja, asitoke.

Watoto wakasikia mbili. Wakatoka, wakala.

Mramba akarudi. "Chi-chi-chiii!" Kimya. "Kekee!" Kimya. Akajaribu kuzitoa zote mara moja, akapaliwa. Koo ni moja.

Kipanga alikuwa kwenye mti mkavu, tumbo tupu. Akamgeukia mwanafunzi wake. "Nimekusomesha bure," akasema.

Vuuu! Kwap! Manyoya meusi yakaanguka mlangoni pa chuo.

Chuo kikafunguliwa tena kwa wa karibu na wa mbali. Nyoka wa bure walimu hawamtaki tena. Kila anayekuja, Bi Nguchiro humuuliza, "Nani anakusomesha, na anataka umpelekee nini?" Akijibiwa vizuri, hufungua. Mjukuu wake hakurudi.

Basi jueni hivi: usimfungie mtu mlango kwa kuwa ni mgeni, wala usimfungulie kwa kuwa kaja na zawadi. Na anayekuonya, sikiliza neno lake kwanza, kwao utauliza baadaye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake.