Injini Kubwa ya Shemweta

Soma taratibu, kisha mtumie yeyote unayemjua mwenye gari.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi Shemweta, baba wa mabinti wawili, na gari lake dogo la siku nyingi.

Siku alipomwoza binti mkubwa, gari hilo lilikata pumzi katikati ya mlima. Wageni walishuka kusukuma. Bibi harusi alimalizia safari kwa miguu, viatu mkononi, shela likiburura vumbi. Mji mzima ulicheka mpaka ukachoka.

Sasa ilikuwa zamu ya Zaituni, binti wa mwisho, naye alikuwa anaolewa kulekule ng'ambo ya mlima. Shemweta akaapa kwamba aibu ile haitarudi. Akatafuta injini kubwa, iliyotoka kwenye gari zito kuliko lake, akampelekea fundi Kibwana aifunge.

"Mzee, injini hii inataka na breki zake," Kibwana alisema. "Hizi zako zitalemewa."

"Harusi ni Jumamosi, Kibwana. Wewe funga injini. Breki tutaona baada ya harusi."

Siku ya kulijaribu, gari likanguruma, likapanda mlima kama linavutwa kwa kamba. Lakini wakati wa kushuka, Shemweta alikanyaga breki na pedeli ikazama hadi chini. Akakanyaga tena, na tena, ndipo gari likashika, korongo likiwa hatua chache mbele yake. Akarudi nyumbani polepole, kwa gia ndogo. Hakumwambia mtu.

Tangu hapo usingizi ukamhama. Akijiuliza kwa nini, alijijibu kwamba anaogopa mambo ya karatasi tu. Injini mpya ilikuwa na namba yake na ukubwa wake, na kadi ya gari bado ilitaja ile ya zamani. Bila polisi kulikagua gari ili kadi ibadilishwe, asingethubutu kupita kwenye kizuizi cha polisi barabarani na bibi harusi.

Basi akafanya kama wafanyavyo wengi pale mjini. Akaazima matairi mapya kwa jirani kwa ajili ya siku ya ukaguzi, akaisugua injini kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa.

"Baba," Zaituni alimtania, "ukiendelea kulipamba hivyo, bwana harusi ataondoka na gari aniache mimi."

Shemweta alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Ijumaa asubuhi walikwenda kituo cha polisi wote wawili, maana baada ya ukaguzi wangepitia kuchukua shela. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, askari mwenye sauti ya upole. Alisoma stakabadhi za injini, akalinganisha namba, akaridhika.

"Injini kubwa hivi ya nini, baba?"

"Kesho namwoza huyu, afande. Tunavuka mlima."

"Hongera, bibi harusi." Kisha akamtazama Shemweta usoni. "Mbona jasho linakutoka na baridi yote hii?"

"Ni... ni uzee tu, afande."

Mkaguzi akautazama mteremko ulio mbele ya kituo.

"Sikiliza. Foleni ni ndefu, sina haja ya kuingia uvunguni. Mpandishe bibi harusi mbele, mshuke mteremko ule hadi darajani, mgeuze. Mkirudi, nasaini."

"Mzee, leo umeamkia upande gani?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Ondoka haraka kabla hajabadili nia!"

Zaituni alikwisha kuketi, anatengeneza ushungi wake kwenye kioo. Shemweta akaingia, akatia ufunguo. Akautazama mteremko. Akamtazama mwanawe. Akauachia ufunguo.

"Shuka, mwanangu."

"Kuna nini, baba?"

"Shuka, nakwambia! Afande, siwezi. Breki hazishiki."

Mkaguzi, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha muda wote, akaingiza mkono na kuuchomoa ufunguo.

"Nisingekuacha uliwashe," alisema. "Kila siku hapa watu wananiapia kwamba magari yao ni mazima. Siku hizi siwaulizi. Nawaambia tu wampandishe wanayempenda. Gari lako umelikagua mwenyewe, baba, na limeshindwa."

Shemweta akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Ndipo Zaituni akamgeukia. Hakuwa na utani tena.

"Baba, kama afande angesaini bila kutuambia tushuke mteremko, kesho ungenipandisha?"

Shemweta akashuka garini, wakaenda kuchukua shela kwa miguu.

Funzo: Usifurahie kufaulu mbele ya mkaguzi kwa jambo ambalo moyo wako umeshalikataa. Yeye anakutazama siku moja tu. Watu wako wanapanda gari lako kila siku, na hawakuulizi kitu, kwa sababu wanakuamini.