Baiskeli ya Kutwangia

Muunda mchi humwuliza mtwangaji. Ndivyo nilivyomwambia asubuhi yule seremala anayenitengenezea kitanda, nanyi wajukuu zangu mkacheka, kisha mkataka kujua msemo huo nimeutoa wapi. Sikuutoa mbali. Ulizaliwa uani kwetu, Kwemdunga, siku mbili kabla ya harusi yangu, na aliyeuzaa kwa uchungu ni baba yangu mzazi. Kaeni basi niwaeleze ulivyoanza.

Shuleni mnakaririshwa wavumbuzi wa ng'ambo: huyu alibuni taa, yule simu, mwingine injini. Vizuri, karirini mfaulu mtihani. Lakini hata sisi tulikuwa na wetu. Baba yangu, Mndolwa, alikuwa fundi baiskeli, na kichwa chake hakikujua kutulia. Aliwahi kutengeneza mlango wa banda uliojifunga wenyewe, ukafungia kuku nje na kicheche ndani. Mtu mwingine angekata tamaa. Baba alisema mlango ulifanya kazi vizuri sana, ila kuku walichelewa.

Sasa kwetu harusi ilikuwa na siku yake ya kutwanga. Akina mama wa kijiji kizima walikuja na michi yao kukoboa mahindi ya makande ya karamu. Walitwanga wawili wawili, watatu watatu, kwa nyimbo na vijembe, na jioni viganja vyao vilikuwa vimechubuka. Mama yangu alikwisha kutwanga katika harusi za watoto wa watu hata hesabu hana. Ilipofika zamu yangu, alikuwa na haki ya kutwangiwa.

Baba akakataa.

"Mwanangu hataolewa kwa malengelenge ya watu," alisema. "Usimwalike mtu, Mama Mwantumu. Mahindi yote nitayakoboa mimi kwa mashine."

"Baba Mwantumu, ni magunia mawili. Na wageni ni mia mbili."

"Wewe andaa masufuria tu."

Wiki sita nzima alijifungia kwenye karakana yake, mlangoni kaning'iniza mkeka ili asiibiwe ujuzi. Alhamisi ile asubuhi akaitoa mashine uani. Ilikuwa baiskeli iliyosimamishwa juu ya magogo. Gurudumu la nyuma halikuwa na tairi, na pembeni yake palifungwa chuma kama mkono. Ukikanyaga pedali, gurudumu linazunguka, mkono unainua mchi, kisha unauachia, puu! ndani ya kinu. Msicheke. Ilikuwa kazi ya akili, na mimi niliyeichungulia dirishani nilijivuna.

Majirani walijaa kwenye ua wa mabua kutazama. Baba akamimina mahindi, akapanda, akasema bismillahi, akakanyaga.

Pigo la kwanza, punje zikaruka hadi kwenye paa. Pigo la pili, zikawafikia majirani. Kuku wa mtaa mzima wakapata habari wakaja mbio. Baba akadhani dawa ni mwendo, akakazana. Kinu nacho kikaanza kutembea, hatua moja kila pigo, kikielekea jikoni, na mchi sasa unatwanga mchanga. Mwisho kikaanguka, mahindi yakamwagika yote, na jogoo mmoja akapanda juu ya kinu akawika.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nililia, sitaki kuwaficha. Mkwe wetu, Mzee Semboja, baba wa babu yenu, alikuwa mtu wa heshima zake, naye alitarajiwa mchana uleule kuleta mbuzi wa karamu. Niliwaza atakuta mahindi hayajakobolewa, watwangaji hawakualikwa, na baba wa bibi harusi anagombana na kuku. Ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Mama akatoka jikoni na bakuli la maji. Hakuwa na haraka.

"Mahindi uliyanyunyizia maji?"

"Maji ya nini?" Baba akauliza.

Kicheko kikapasuka upya nyuma ya ua.

"Mahindi yakilowana kidogo ganda linalainika, punje hairuki. Mtoto wa miaka saba anajua hilo. Na kinu hufukiwa kitako kidogo, kisitembee."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wiki sita umeweka mkeka mlangoni, mimi nanusa grisi tu. Ungeniuliza siku ya kwanza, leo ungekuwa umekwisha kula."

Kisha, na hili ndilo lililonifanya nimpende siku zote, Baba akachukua jembe, akachimba shimo pale mama alipomwonyesha, akafukia kitako cha kinu. Mama akanyunyizia mahindi, akayageuza kwa mkono, akayaacha kidogo, akayatia. Baba akapanda tena. Puu, puu, puu. Hakuna punje iliyotoka. Baada ya muda mama akachota kiganja kimoja, akapuliza pumba, mahindi yakabaki meupe. Akina mama nyuma ya ua wakapiga vigelegele, wakaingia bila kualikwa, wakaketi na nyungo zao tayari kupepeta.

Baba akashuka, kifua mbele.

"Haya, Mama Mwantumu. Mashine yako hiyo. Panda."

Mama akamtazama kama hakusikia vizuri. Lazima mjue kwamba mwaka mmoja nyuma wanaume wa Kwemdunga walikaa kikao wakaamua kuwa mwanamke hapandi baiskeli, si heshima. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mndolwa, fundi baiskeli.

"Mimi nipande baiskeli?" Mama akasema. "Mbele ya watu? Si mlisema ni ya wanaume?"

"Lakini hii ni ya kutwangia!"

"Ina pedali?"

"Inazo."

"Ina tandiko?"

"Inalo."

"Basi ni baiskeli. Panda, mume wangu, mahindi yanakauka."

Akina mama wakaitikia kwa wimbo, ule wa kuhimiza watwangaji wavivu.

Baba akapanda. Alikanyaga gunia la kwanza, akaingia la pili. Kanzu yake mpya, aliyoivaa kwa ajili ya mkwe, ilimganda mgongoni. Na hivyo ndivyo Mzee Semboja alivyomkuta alipopiga hodi na mbuzi wake. Aliona wanawake wamekaa kivulini wanapepeta na kuimba, na mwenye nyumba, peke yake, anatwanga.

Wimbo ukakatika.

"Mkwe," Mzee Semboja akasema polepole, "unafanya nini?"

"Nakoboa mahindi, mkwe."

Mzee Semboja akaizunguka mashine. Akauangalia mchi unavyopanda na kushuka. Akainama, akachota mahindi, akayapuliza.

"Ni kazi ngumu?"

"Panda uone."

Loo! Mzee yule wa heshima zake akamkabidhi mama kamba ya mbuzi, akakunja kanzu, akapanda. Alikanyaga kidogo kidogo, kisha akanogewa. Baba akamwomba apumzike, akakataa. Gunia la pili lililobaki alilimaliza yeye, huku akiitikia wimbo wa wanawake kwa sauti mbaya kabisa.

Aliposhuka alikuwa anahema. "Mkwe, na mimi nitengenezee moja. Unaianza lini?"

Baba alitaka kujibu upesi, kama kawaida yake. Akamwona mama, akajirudi.

"Siwezi kuianza leo, mkwe. Muunda mchi humwuliza mtwangaji. Nitakuja kwako kwanza, nimwulize mama mkwe."

"Wa nini huyo?" Mzee Semboja akasema, akijipapasa makalio. "Niulize mimi. Tandiko lako linaumiza."

Wanawake wale walipeleka maneno hayo kila nyumba, na mashine ikayafuata. Kabla mwaka haujaisha, ukipita Kwemdunga mchana ulisikia puu, puu, puu, na kila aliyekanyaga alikuwa na ndevu. Wanaume wakaitisha kikao kingine wafute ile amri yao. Wanawake wakasema la, amri ni nzuri, ibaki. Mimi nimeishi na babu yenu miaka arobaini na sita, na mchi nimeushika nikiusafisha tu. Kwa hiyo mkibuni vitu vyenu, wajukuu zangu, bunini, lakini msisahau: muunda mchi humwuliza mtwangaji. Asipouliza, atatwanga mwenyewe.