Tangi Lisilopumua

Haya yote ni kweli tupu, wajukuu zangu. Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: nikiongeza chumvi hata punje, masufuria yote ya leo, pamoja na lile jeusi la ugali, nitayasugua mimi. Bwire, umesikia? Nyabise, wewe ndiye shahidi.

Mmemsikia bibi yenu sasa hivi. Nilimwambia Nyabise anyamaze wakubwa wanapozungumza, naye bibi akanijibu kutoka jikoni: "Tangi lisilopumua huzima mashine." Mkacheka, halafu mkataka kujua imetoka wapi. Methali hiyo ilizaliwa majini, siku ya harusi yangu, na ilizaliwa hivi.

Bibi yenu Nyamumwi kwao ni kisiwani, ng'ambo ya ziwa; mimi ni wa huku Majita. Siku ya kumchukua tulikwenda na boti ya baba yangu mdogo, Magesa. Boti ilikuwa nzima, lakini ile mashine iliyofungwa nyuma yake! Ukivuta kamba inakohoa kwanza, kama mzee aliyeamshwa usingizini, inatema moshi, inafikiri, ndipo inakubali. Baba mdogo aliipenda kuliko wake zake wote wawili. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Sasa, wazee wetu walikuwa na miiko miwili. Wa kwanza: bibi harusi hafungui mdomo tangu anapotoka kwao mpaka mama mkwe amkaribishe ndani. Wa pili ndio uliokuwa unaninyima usingizi: ziwa likimrudisha bibi harusi ufukwe wa kwao siku ileile, basi ziwa limeikataa ndoa, na mwanamume mwingine ana ruhusa ya kupeleka posa. Na huyo mwingine alikuwapo! Kaitira, suti nyeupe, ngoma kwapani, amesimama ufukweni akingoja mkosi wetu.

Tukapakia godoro, masanduku, na shangazi yake Nyamumwi, ambaye peke yake alitosha kuwa shehena. Makasia tukayaacha ili godoro lienee. Baba mdogo, kwa kuogopa petroli isije ikamwagikia godoro jipya, akakaza kifuniko cha tangi, na kile kiskurubu kidogo kilicho juu ya kifuniko nacho akakikaza mpaka kikalia.

Akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikawaka. Vigelegele! Tukakata maji, mimi nikiwa nimekaa kama mfalme. Hatujafika mbali, mashine ikapunguza sauti, ikagugumia, ikazima.

"Plagi hiyo," akasema baba mdogo. "Imepata maji."

Akafungua tangi, akachovya kijiti kuona kama mafuta yamo. Yamo tele. Akafunga, akakaza. Akatoa plagi, akaifuta kwa shati lake la harusi, akairudisha. Akavuta. Ikawaka!

"Si niliwaambia? Plagi!"

Muda wa kumeza mate, ikazima tena. Na upepo, wajukuu zangu, ulikuwa unatoka huku kwetu, unatusukuma kule kwao. Nikageuka, nikauona ufukwe unatujia. Nikaisikia na ngoma ya Kaitira.

"Ni kabureta," akasema baba mdogo. Akafungua tangi, akachovya kijiti, akafunga, akakaza. Akaigonga kabureta kwa bisibisi mara kadhaa, akainenea maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Ikawaka. Ikazima.

Hapo Nyamumwi akanivuta mkono. Akaonyesha tangi kwa kidole, halafu akanyonya mashavu yake kwa ndani mpaka midomo ikachongoka.

"Anataka kutapika," akasema baba mdogo.

"Ana njaa," akasema shangazi. "Tangu asubuhi hajala."

Mimi nilielewa vingine kabisa. Nikaisogeza midomo yangu.

"We mkwe!" shangazi akanipiga na kanga. "Mbele yangu? Huna haya?"

Nyamumwi akatikisa kichwa, akanyonya mashavu tena, akaonyesha tangi tena. Baba mdogo akamtuliza: "Kaa kitako, binti. Mashine si chungu cha kunde."

Ufukwe ukazidi kusogea. Basi nikaona mambo yameharibika. Nikavua shati, nikauma kamba ya boti kwa meno, nikajitosa! Nikaogelea dhidi ya upepo nikiivuta boti nzima, mamba wawili wakinifuata, mmoja kulia mmoja kushoto, nami nikiwapiga mateke. Hapo ndipo meno yangu mengine yalipobaki. Nilipochoka, nikapanda tena.

Lakini upepo ni upepo. Tukarudishwa mpaka tukawa tunauona mchanga chini ya maji. Kaitira akakunja suruali ya suti, akaingia majini akipiga ngoma, akaniita:

"Masatu! Mlete taratibu, usinilowanishie mke!"

Mkono wake ukawa unaikaribia boti. Ndipo Nyamumwi aliposimama juu ya godoro, akaitupa shela nyuma, akapaza sauti mpaka ndege wakaruka:

"Tangi halipumui, jamani! Hamlioni limebonyea mashavu? Fungueni hewa!"

"Mama yangu!" shangazi akajishika kichwa. "Bibi harusi amesema!"

Nikatazama tangi. Kweli, lilikuwa limebonyea pande zote. Mashine ilikuwa imenyonya mafuta, hewa haina pa kuingilia, tangi likabana, mafuta yakagoma. Kila baba mdogo alipofungua kifuniko kuchovya kijiti, lilivuta pumzi moja, naye akaisifu plagi! Nikakilegeza kiskurubu. *Fyuuu!* Mashavu yakarudi, *pwap!* Nikavuta kamba, nami sikuwa na ruhusa. Mashine ikanguruma, boti ikaruka, maji ya matope yakaivaa suti ya Kaitira kuanzia kola mpaka pindo.

Haikuzima tena mpaka Majita.

Mama yangu alikuwa mlangoni, na habari ilikwisha kumfikia, maana shangazi aliitangaza kabla hatujatia nanga. "Nasikia mkwe wangu amesema njiani," akasema, uso umekaza. Mwiko mmoja tumeuokoa, mwingine umevunjika.

Baba mdogo Magesa, mtu asiyekubali kosa, akatazama mikono yake yenye oili, akasema, "Shemeji, usimlaumu. Tangi lisilopumua huzima mashine."

Mama akafikiri. Kisha akamshika Nyamumwi mkono. "Pita ndani, mwanangu. Na humu useme."

Naye akasema! Anasema hadi...

"Baba Mafuru," bibi yenu huyo, amesimama nyuma yangu na mwiko wa ugali. "Ulijitosa wapi?"

"Pale... palipokuwa na kina."

"Na mamba?"

"Wadogo."

"Jana ndoo ilielea hatua tatu kutoka ufukweni, ukamwita Bwire aifuate. Lini umejua kuogelea? Na meno hayo si uliyang'oa kwa daktari, ukilia?"

Nyabise, mbona unacheka? Shahidi gani wewe! Haya, leteni masufuria. Leteni na majivu. Hili la ugali limeungua hivi kwa makusudi? Mke wangu, nina la kusema kuhusu sufuria hili.

"Sema tu, mume wangu," ananijibu. "Tangi lisilopumua huzima mashine. Ila mikono isisimame."