Chumba cha Nne cha Dondora

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Dondora, nyigu mfinyanzi, lilikuwa mkewe, Mwanamvua, kulalamika kwamba udongo wa chumba cha nne ulikuwa bado mbichi. Zama hizo nyigu hawakuziba nyumba zao. Kila chumba kilikuwa na yai moja na buibui wa kumlisha mtoto, na mzazi alikaa mlangoni kulinda.

Jirani yao Zumaridi, nyigu wa kijani anayemeta, hakujua kufinyanga wala kuwinda. Alikuja kila siku kutazama.

"Mwenzangu, vyumba vinne! Mimi kimoja tu kingenitosha."

"Wewe na mng'ao wako?" Mwanamvua alicheka. "Ungemwamsha mwanao!"

Zumaridi alicheka pia, lakini mkono wake ulikawia ukutani.

Watoto wa vyumba vitatu walikuwa wamekwisha kuruka. Jioni ile Mwanamvua alitaga yai lake la mwisho katika chumba cha nne, akafa.

Desturi ilikuwa kwamba mfiwa hukaa nje siku tatu, na waombolezaji huingia. Zumaridi alilia kuliko wote.

"Shemeji, niache niingie peke yangu nimlilie mwenzangu."

Dondora akampisha. Alimwonea wivu kwa kuingia mahali ambapo yeye mwenyewe desturi ilimkataza kuingia.

Siku za yai kuanguliwa zilipotimia, Dondora alingoja mtoto mweusi mwenye kiuno chembamba cha mama yake. Alitoka mtoto wa kijani. Dondora akaingia chumbani. Buibui walikuwa wameliwa, na yai la Mwanamvua halikuwapo. Mwanamvua hakuwa amemwachia kitu kingine.

"Nilisema kimoja kingenitosha," alisema Zumaridi kutoka ukutani.



Tangu hapo dondora hujenga peke yake, na kila chumba hukiziba udongo ungali mbichi. Yule wa kijani naye hukaa karibu, akivizia mwenzake aende kuchota udongo. Mkimwona dondora kwenye boriti za nyumba zenu, msimfukuze. Anarudia alichofanya mzee wake Dondora asubuhi iliyofuata: alikwenda mtoni, akarudi na donge la udongo, akaziba mlango wa chumba kitupu.