Nani Apewe Jina la Bi Tunu?

Sogeeni karibu, wenzangu, niwape kesi ambayo mimi imenishinda.

Watu wenyewe ni watatu. Chande, dereva wa lori, alijaliwa subira. Mwanahawa, wakili, alijaliwa ung'ang'anizi. Akishika jambo haliachii. Mama Kalenga, mwuza vyakula katika soko moja la Lubumbashi kule Kongo, alijaliwa ulimi usiosema uongo hata pale uongo ungemfaa.

Kilichowakutanisha ni achari ya maembe ya Bi Tunu wa Tanga. Kila chupa ilikuwa na jina lake na picha ya mkono uliopakwa hina. Alama hiyo aliisajili nyumbani, akadhani imetosha. Siku alipopeleka Kongo lori zima kwa mara ya kwanza, kumbe tajiri mmoja wa huko, Bwana Kabeya, alikuwa amekwisha kuisajili alama ileile kuwa yake. Na usajili wa nyumbani haukuvuka mpaka.

Lori la Chande likazuiwa mpakani. Mzigo wa Bi Tunu mwenyewe ukaitwa bandia! Kabeya akamfuata Chande akiwa anacheka.

"Bandua lebo, niuzie mimi, urudi kwa mkeo."

"Nikibandua, nitakuwa nimekiri kwamba jina si letu," Chande akajibu.

Akabaki. Masika yakamkuta palepale, malaria ikamlaza chini ya turubai, mkewe akajifungua yeye hayupo. Lebo hazikubanduliwa, na mzigo ule ukaja kuonyeshwa mahakamani kama ushahidi.

Mwanahawa aliacha wateja wengine wote akaishika kesi hii pamoja na wakili wa huko. Kesi iliahirishwa tena na tena mpaka makarani wakawa wanamwonea huruma. "Dada, bado hujachoka?" Alikuwa amechoka sana. Ofisi yake Tanga ilifungwa, vitabu vikahamia chini ya kitanda cha mama yake. Lakini ni yeye aliyeona mlango wa kupita: wathibitishe kwamba Kabeya alilisajili jina akijua fika kuwa lina mwenyewe.

Nani angethibitisha? Mama Kalenga. Miaka mingi alikuwa akiuza achari hiyo, katoni mojamoja, na Kabeya, kabla hajasajili chochote, aliionja kwa mara ya kwanza kwenye kibanda chake. Tatizo ni kwamba kibanda chenyewe alikipanga kwa Kabeya.

"Mama, ukisema utafukuzwa," Mwanahawa akamwonya.

"Najua. Wewe niulize tu."

Mbele ya hakimu akasema: "Huyu bwana aliniuliza inatengenezwa na nani. Nikamwambia, ni ya Bi Tunu wa Tanga." Jioni ileile vitu vyake vilitupwa nje.

Usajili wa Kabeya ukafutwa, jina likamrudia Bi Tunu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikutana uani kwake Tanga, wakakaa kama watu waliotoka mazikoni.

"Mimi nimezeeka," Bi Tunu akasema. "Nataka wakala mmoja tu wa kulibeba jina langu na kuuza achari kule Kongo. Nikiligawa, kesho mtashtakiana nyinyi kwa nyinyi, na mimi mahakamani sirudi tena."

Chande akainamisha kichwa. "Bi Tunu, mwanangu akiniona analia. Hanijui. Nitamwambia nilikuwa nafanya nini?"

"Bila kesi, Bi Tunu, jina lingekuwa la Kabeya mpaka leo," akasema Mwanahawa. "Na mimi sina tena pa kuanzia."

Mama Kalenga naye akasema. "Nyinyi mlikuwa mnapigania kitu cha kwenu Tanga. Mimi sikuwa na changu humo. Sasa nauza chini, juani."

Bi Tunu aliwatazama mmoja mmoja. Kila alipofungua mdomo kutaja jina, aliwaona wale wawili wengine, akaufunga. Mwisho akasema, "Kuleni kwanza." Chakula kikaletwa, wakala taratibu, na hakuna aliyeigusa achari.

Hajaamua mpaka leo, na lori limeshapakiwa, linangoja jina la wakala. Haya, nyinyi mlionisikiliza: yule ambaye hakubandua lebo, yule aliyeona mlango, na yule aliyesema kweli akafukuzwa. Mngekuwa nyinyi ndio Bi Tunu, mngempa nani? Na wale wawili mngewatazamaje usoni?