Kopo la Gari la Tatu

Tegeni sikio, maana hili mimi limenishinda.

Bi Mwendwa alikuwa na kiwanda cha unga wa mahindi, na nyuma yake maabara ndogo yenye wapimaji watatu. Chilewa alikuwa mtu wa akiba: kila mzigo ulioingia, aliweka kopo moja la mahindi yake rafuni, wenzake wakamtania, "Unafungua duka?" Nyemo alikuwa na kalamu isiyoona haya, aliandika hata makosa yake mwenyewe. Lugendo alikuwa mbishi wa kuzaliwa, haamini kipimo mpaka akirudie mara tatu.

Msimu mmoja watu wakaanza kuwa na macho ya manjano na matumbo ya kuvimba. Wakafa sita. Wa sita ni Mazoya, mdogo wake Bi Mwendwa, ambaye hakula unga mwingine ila wa dada yake. Bi Mwendwa alitoka makaburini moja kwa moja hadi maabara.

"Ni mzigo upi?"

Nyemo akafungua daftari, akasoma alichoandika. "Gari la tatu. Mahindi yameloa. Nimepima mara moja tu. Mama kasema tusichelewe." Bi Mwendwa akausoma mstari wa mwisho mara mbili, machozi yakamtoka.

Mahindi yenyewe yalishasagwa, lakini Chilewa akashusha kopo la gari la tatu.

Lugendo akapima. Safi. Akapima tena. Safi.

"Basi si sisi," Bi Mwendwa akashusha pumzi.

"Bado, mama." Lugendo akachota chini kabisa ya kopo, akapima mara ya tatu. Hapo akaikuta sumukuvu, ile sumu ya mahindi yaliyovunda. Magunia mia mbili ya unga huo yakarudishwa kutoka madukani kabla hayajaliwa.

Bi Mwendwa akaweka funguo mezani. "Mimi siwezi tena. Mmoja wenu aongoze, la sivyo nafunga kiwanda."

"Apewe Chilewa," Nyemo akasema.

"Kopo limekaa wiki tatu sijalifungua," akajibu Chilewa. "Chukua wewe."

"Mimi niliandika kosa, nikanyamaza."

Lugendo akainamisha kichwa. "Zamu ya kupima siku ile ilikuwa yangu. Niliomba ruhusa, nikaenda harusini."

Funguo bado ziko mezani, na wafanyakazi arobaini wanangoja nje. Angekosekana hata mmoja wa hawa watatu, wengi zaidi wangezikwa. Na mmoja tu angetimiza wajibu wake kwa wakati, Mazoya angekuwa hai.

Je, wewe ungempa nani? Na ungekubali Bi Mwendwa ndiye achague?