Kibao cha Bi Mwanaidi

Sogeeni. Mwenye simu aifunike kifudifudi, maana hadithi hii ni ya watu wa simu na sitaki ikatizwe na jamaa zao.

Palikuwa na kundi la mtandaoni lililoitwa Ukoko. Wanachama wake walipenda kupika, na zaidi ya kupika walipenda kutambiana. Sheria yao ilikuwa moja: picha za vyungu ruksa, picha za nyuso marufuku. "Uso haushibishi," alisema aliyelianzisha. Basi wakazoeana kwa masufuria, huyu akamjua yule kwa kifuniko kilichobonyea, yule akamjua huyu kwa mwiko ulioungua ncha.

Kati yao nataka muwajue watatu.

Hidaya wa Tanga, mpishi wa maharusi, alikuwa na subira. Angeweza kukueleza jambo lilelile tena na tena bila sauti yake kupanda.

Ndekirwa wa Same, fundi cherehani, alikuwa na jicho. Mshono uliopinda aliuona kutoka ng'ambo ya barabara, na neno lililopinda aliliona vilevile.

Shechambo wa Lushoto, muuza chipsi na mwanzilishi wa kundi, alikuwa na ulimi. Simsengenyi. Wapo wenye ulimi wa kuchoma, wake ulikuwa wa kupoza.

Na kipenzi cha wote alikuwa Bi Mwanaidi wa Muheza, bingwa wa wali wa nazi. Sufuria yake haikuhitaji utambulisho: kishikio cha kifuniko kilikatika zamani, akapachika kizibo cha chupa, maisha yakaendelea.

Bi Mwanaidi akaugua, asimwambie mtu kundini. Siku za mwisho alimwita mumewe, Mzee Sengasu, fundi mitambo mstaafu wa shamba la mkonge, akamwonyesha kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi, alichoachiwa na mama yake.

"Hiki usiwape ndugu zangu, watakigombania kisha wakitie stoo. Mpe rafiki yangu wa Ukoko. Yule rafiki wa kweli."

"Yupi, Bi Mwanaidi?"

"Utamjua."

Akafariki bila kuongeza neno. Wanawake na mafumbo, Mungu wangu!

Mzee akazika, watu wakatawanyika, nyumba ikapoa. Siku moja akafungua simu ya marehemu ili atoe taarifa ya msiba. Akakuta wameandika, "Bi Mwanaidi, umetususa? Leo unapika nini?" Akaandika, "Mwanaidi hayupo," akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mwishowe akatuma neno moja: "Wali." Nao wakataka picha. Hapo matata yakaanza, kwa sababu tangu azaliwe mzee huyu hakuwahi kusogelea jiko ila kuwashia sigara.

Wali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili uliungua. Wa tatu hakuthubutu kuupiga picha, akauliza kundini: "Hivi lipi hutangulia, tui zito au jepesi?" Kundi zima likaangua kicheko. Bi Mwanaidi kuuliza hilo ni imamu kuuliza kibla kiko wapi!

Hidaya alicheka pia, kisha akajibu. "Jepesi kwanza, shoga yangu, wali uivie humo. Zito mwisho, na moto upunguze." Alidhani uzee umeanza kumsahaulisha mwenzake, akamhurumia. Kuanzia hapo alimfundisha kila siku, kwa sauti alizorekodi huku akikoroga vyungu vya watu. Mzee, aliyekuwa amekonda hadi mkanda umekosa tundu, akaanza kula.

Ndekirwa hakucheka. Alilitazama swali lile, akazirudia picha. Mwiko uliokuwa ukilazwa kushoto miaka yote, sasa ulilala kulia. Akajua mikono ni mingine, akakisia kwa nini, akalia peke yake juu ya cherehani. Hakumwambia mtu. Ila kila asubuhi alimwandikia mzee pembeni, "Umeamkaje? Umekula?" na hata siku moja hakuuliza, "Wewe ni nani?" Mzee, aliyekuwa haoni sababu ya kuamka, akawa anaamka ili ajibu.

Shechambo yeye hakujua lolote. Mwaka ulipopinduka aliitisha mkutano Korogwe, uani kwa shemeji yake, waonane ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa nyuso hawazijui, kila mtu aje na chungu chake.

Mzee Sengasu alitaka kujifanya mgonjwa. Lakini wosia wa marehemu ulimkaba. Akapika, akafunga kibao kwenye kanga ya mkewe, akaenda.

Pale langoni walikiona kwanza kile kizibo. "Bi Mwanaidi huyooo!" Vigelegele vikapaa. Kisha wakainua macho, wakakuta ndevu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nilimzika mwaka jana, kabla ya Ramadhani."

"Na anayetuandikia?"

"Ni mimi."

Mama mmoja wa Moshi akashika kiuno. "Yaani mambo yote ya kungwi tuliyoyaandika mle, umeyasoma wewe?"

"Nilikuwa nayaruka," alisema mzee, akainama.

Wapo waliocheka. Lakini yule mama alikuwa na uchungu wa kweli. "Umetunyima kumlilia mwenzetu. Ondoka!"

Mzee akageuka. Shechambo akawahi lango, akalishika.

"Haondoki mtu. Mnasema hamkumlilia? Basi tumlilie sasa. Watu tupo, chakula kipo, mfiwa huyu hapa." Akampokea sufuria, akamkalisha mkekani. "Pole, mzee wangu. Jina lako nani?"

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemuuliza jina. Mzee alijaribu kulitaja, kilio kikamtangulia.

Sherehe ikageuka hitima. Waislamu wakasoma, Ndekirwa akafumba macho akaomba kwa namna ya kwao, na aliyelia kuliko wote ni yule mama wa Moshi. Wakala wali wa mzee hadi wakagombania ukoko.

Ndipo mzee akafungua kanga, akaeleza wosia. "Aliniambia nitamjua. Mimi naona watatu."

"Si mimi," alisema Hidaya. "Nilimfundisha Mwanaidi. Ningejua ni mwanamume nisiyemfahamu, huenda ningemfungia simu." Lakini mkono wake ulikuwa umekishika kibao, na haukutoka upesi.

"Mimi nilijua," alisema Ndekirwa. "Nikawanyima wenzangu msiba ili nisimpoteze yeye."

"Mimi nimeshika lango tu," alisema Shechambo.

Ua mzima ukapasuka. "Asingekula, angefika langoni?" "Na asiyeamka atakula nini?" "Na angefukuzwa leo, si angerudi kufa kwa aibu?"

Nje, gari la Muheza likapiga honi. Mzee Sengasu akasimama, kibao kifuani. "Nikikirudisha nyumbani, nimemwangusha. Nikimpa asiyekuwa yeye, nimemwangusha mara mbili."

Sasa msinitazame mimi. Hidaya alimlisha akimdhania mwingine. Ndekirwa alimjua, akawaficha wenzake. Shechambo hakumjua, akamkaribisha. Kibao ni kimoja na hakikatwi, dereva anapiga honi tena. Wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejifanya umesinzia: kama ungekuwa mzee yule, ungekiweka mikononi mwa nani?